Nyundo ya Mjomba Athumani

Chuma hakitoki dukani. Naanza na hilo kwa sababu juzi nilialikwa kuzungumza na vijana wanaojifunza kuchomelea hapa Mtwara, nikamuuliza mmoja wao, mtoto ana adabu na mkono mzuri wa kazi, chuma kinatoka wapi. Akanijibu bila kupepesa macho: "Pale stendi, bibi, duka la vifaa vya ujenzi." Wenzake wote wakatikisa vichwa kukubali. Nilicheka mpaka machozi, halafu nilipofika nyumbani hasira zikanishika. Jamani! Mtu anashika chuma kutwa nzima, anakikata, anakiunguza, na hajui kimezaliwa wapi. Basi nimechukua kalamu, na nyinyi mtanivumilia, maana mimi nikianza sina breki.

Mimi ni Somoe. Nimechomelea vyuma katika mji huu kuanzia miaka ya tisini mpaka mgongo uliponiambia basi, mama, pumzika. Nimetengeneza mageti, matela, vitanda vya hospitali, matangi ya maji, na bajaji zilipoanza kuingia nimeunga fremu zake mpaka nikaziota. Nilipoanza kazi nilikuwa mwanamke peke yangu karakana nzima. Wateja wakifika waliniuliza, "Dada, fundi yuko wapi?" Nawajibu, "Anakuja," nashusha kioo cha uso, naendelea. Mtu anasimama pale anamsubiri fundi mpaka kazi yake inaisha.

Nitawapa jambo moja la bure kabla sijasahau. Hapa pwani hewa ina unyevu na chumvi. Vijiti vya kuchomelea vikilala wazi vinakunywa ule unyevu, na ukivitumia mshono unatoka na vitundu kama andazi. Sisi hatukuwa na majiko ya kukaushia. Nilikuwa navipanga kando ya jiko la mkaa, uji wangu unachemka katikati, vijiti vinakauka pembeni. Fundi Anjelo, msimamizi wetu, mtu wa Songea, akipita ananiambia, "Somoe, siku moja utawanywesha watu vijiti na kuchomelea kwa uji." Lakini yeye mwenyewe akiishiwa vijiti vikavu, alikuja kwangu kuomba.

Na kutu, kutu ya hapa haina likizo. Geti umelipaka rangi Ramadhani, ikifika Idi Kubwa limeshaanza kuvimba. Mjomba wangu alikuwa akiniambia kutu ni chuma kinachotaka kurudi kwao. Nilidhani ni maneno ya wazee tu. Baadaye nikaelewa kuwa alikuwa anasema kitu kilivyo: lile jiwe linalotolewa chuma, ukiliponda, unga wake ni ndugu wa kutu kabisa. Hewa imeking'ang'ania chuma humo ndani, haitaki kukiachia. Kazi yote ya tanuri ni kuuchoma mkaa kwa namna ambayo mkaa unainyang'anya ile hewa, chuma kibaki peke yake. Wenye viwanda vikubwa wanafanya hivyo hivyo, ila wao wana umeme na makelele.

Huyo mjomba ndiye ninayetaka kuwaeleza. Mjomba Athumani, kaka mkubwa wa mama yangu, Bi Fatu. Alikuwa mhunzi kijijini kwetu, juu huko nyuma ya Mikindani, kwenye mihogo na mikorosho. Mimi nilipopata akili alikuwa anafua majembe na mapanga kutoka kwenye springi za malori mabovu, kama wahunzi wote. Lakini ujanani, chini ya mjomba wake yeye, alikuwa amefanya ile kazi ya kale: kutoa chuma kwenye jiwe. Jiwe hilo linaitwa mtapo. Kwetu lilikuwa linachimbwa kwenye korongo moja lenye udongo mwekundu, na mashimo yake yapo hadi leo, mbuzi wanalala humo.

Sasa sikilizeni mambo ya ukoo wetu, maana bila haya hamtaelewa. Kwetu ufundi hautoki kwa baba kwenda kwa mwana. Unatoka kwa mjomba kwenda kwa mtoto wa dada yake. Alama yake ni nyundo, moja tu, iliyofuliwa na chuma cha jiwe, mpini umebadilishwa mara nyingi hata hakuna anayekumbuka. Mpwa akishatoa chuma kwenye jiwe kwa mkono wake, anapewa nyundo. Mhunzi akifa bila mpwa wa namna hiyo, ikifika arobaini yake nyundo inarudishwa korongoni, inafukiwa kwenye shimo la mtapo, na habari imekwisha. Mama yangu alijaliwa mtoto mmoja, naye ni mimi. Na mwanamke alikuwa haruhusiwi kulisogelea tanuri.

Hapo mnaona mtego ulivyokaa. Tanuri kwetu ni mke. Lina tumbo, lina kiuno, na wahunzi wa zamani walilitengenezea na matiti ya udongo, msicheke. Wanaume wanaolihudumia wanalala mbali na wake zao mpaka kazi iishe, kwa sababu lina wivu. Mwanamke akilikaribia, linasusa, halizai. Ndivyo walivyosema.

Na mimi nilikuwa naitaka nyundo ile. Niseme wazi, niliitaka kwa moyo wote. Nililala utotoni nikiisikia, nikaamka nikiisikia. Nilipokwenda mjini kujifunza kuchomelea, watu walidhani nimefuata mshahara, kumbe nilikuwa nafuata ile sauti kwa njia nyingine, kwa kuwa njia ya nyumbani imefungwa. Kila nikirudi kijijini nilimwona Mjomba macho yamezidi kufunga ukungu, kifua kinazidi kukohoa, nami nawaza habari ya lile shimo korongoni.

Siku moja nikamwambia. Tulikuwa barazani kwake, yeye na mdogo wake, Mjomba Chande, ambaye tangu ujana alikuwa mvuta mivukuto wake, ile mifuko ya ngozi ya kupulizia moto, na mlinzi wa kila mwiko.

"Mjomba, toa chuma mara moja tena. Nione."

"Uone nini? Macho yenyewe haya, mimi mwenyewe sioni."

"Utaniambia mimi, nitakuwa macho yako."

Mjomba Chande akaruka kama kakanyaga kaa la moto. "Nnasema hapana! Mwanamke? Kwenye tanuri? Somoe, wewe mji umekuharibu."

"Mji umenifundisha kuunga tela lako, Mjomba Chande. Halijakatika mpaka leo."

Mjomba Athumani akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Akasema mkaa wa kazi hiyo haupatikani siku hizi, mikorosho mkaa wake mwepesi, unaisha kabla jiwe halijapata habari. Walikuwa wanatumia mpingo, na mpingo sasa uko wapi? Aliona amenifungia mlango kwa adabu. Mimi nikaaga, nikarudi mjini, na kichwani nimeshika neno moja tu: mpingo.

Nani Mtwara ana mpingo? Wachonga vinyago! Nilikuwa namfahamu mmoja, Mzee Simba tukimwita kwa utani kwa sababu ya ndevu, tulikuwa tunamuungia patasi zake zikivunjika. Kibandani kwake vipande vilivyobaki vilikuwa vimejaa chini, vingine vidogo kama kidole, anavipikia chai. Nikamwomba. Akaniuliza nataka kuchonga nini. Nikamwambia nataka kuvichoma. Akaniangalia kwa huruma, lakini akanipa, kila wiki gunia. Nikavifukiza kwenye pipa nyuma ya karakana, moshi ukajaa mpaka kwenye ofisi ya Fundi Anjelo. Akatoka anapiga chafya.

"Somoe! Unatukausha samaki?"

"Natengeneza mkaa, Fundi."

"Mkaa unauzwa sokoni!"

"Siyo huu."

Nikamweleza habari yote. Yeye alikuwa Mkristo wa mbali, mila zetu hazimhusu, angeweza kunifukuza na pipa langu. Akakuna kichwa, akasema basi nifukize Jumamosi mchana watu wakiondoka, na siku ya kuwasha tanuri nimwambie, aje kuona. Hakuja kamwe, alikuwa mtu wa kuahidi, lakini pipa langu alilinda.

Nilipoweka gunia la mkaa wa mpingo mbele ya Mjomba Athumani, alichukua kipande akakigonga kwa ukucha. Mkaa mzuri unalia kama chungu kizima. Akakinusa. Kisha akamwambia mdogo wake, "Chande, kaangalie ngozi za mivukuto kama panya wamebakisha kitu."

Masharti yalikuwa mengi. Mimi nilete mkaa, nichimbe mtapo, niuchome uvunjike, niuponde kinuni. Na mimi na mama tuuoshe mtoni, maana kuosha mtapo siku zote kulikuwa kazi ya wanawake. Mwenye tanuri na wenzake wakishaanza kujitenga hawakanyagi mtoni, wala hawaushiki mtapo kwa mkono, hata saa ya kuumimina wanautia kwa kikapu. Siku ya moto, mimi nikae nyuma ya ua wa makuti, nisisikike hata kukohoa. Mjomba Chande aliyataja yote hayo kwa raha kabisa.

Tukaenda mtoni na mama. Mama yangu alikuwa mkunga, amezalisha watoto wa vijiji vitatu, mwanamke mwenye mikono isiyotetemeka. Mara ya mwisho mtapo ulipooshwa yeye alikuwa kitoto, kazi yake kufukuza kuku. Waliokuwa wanaosha ni bibi zake, na wote walikwisha kufa. Aliniambia, "Nakumbuka walikuwa wanazungusha beseni hivi, kama mchele." Basi tukazungusha kama mchele. Tope lile jekundu ukilitia maji lote rangi moja, hutambui hili wala lile. Tukaosha, tukamimina, tukaanika, mama akisifia mkono wangu kwamba sikumwaga hovyo. Tulifanya kazi safi. Tulijivuna wallahi.

Moto uliwashwa alfajiri. Tanuri lilikuwa limejengwa kwa udongo wa kichuguu, urefu wa kifua cha mtu, na chini limetobolewa, mabomba ya udongo yanaingia humo kupeleka pumzi ya mivukuto. Mimi nyuma ya makuti nilisikia kila kitu. Mjomba Chande anavuta, puu-paa, puu-paa, mwenzake, jirani aliyeombwa msaada, anapokea. Mjomba Athumani hakuwa akiona moto, aliusikiliza. Mkaa, mtapo, mkaa, mtapo, tabaka juu ya tabaka. Nikafurahi mle ndani ya jasho langu nikisema leo, leo.

Alasiri wakavunja mlango wa chini. Kisha nikasikia nyundo ikigonga, na mlio haukuwa wa chuma. Ulikuwa mlio wa chupa. Tumboni mwa tanuri kulikuwa na mavi ya chuma matupu. Ndiyo, ndilo jina lake, mkimaliza kucheka tuendelee: ni ile taka ya jiwe inayoyeyuka na kuganda nyeusi, inang'aa, haina kazi. Hakukuwa na bonge la chuma hata la ukubwa wa yai.

Mjomba Chande hakungoja. "Si nilisema! Limenusa mwanamke nyuma ya ua!"

Mjomba Athumani akaja mpaka kwenye makuti akipapasa. Hakunifokea, na hilo ndilo lililoniuma. "Basi, Somoe. Limesusa. Uliomba, nimekupa. Mimi nikiondoka, nyundo wataipeleka korongoni, usigombane nao."

Nililia barabara nzima ya kurudi mjini. Nililia kwa hasira, siyo kwa majuto. Kuna jambo lilikuwa limekosewa na mimi sikulijua, na mtu akiniambia kosa ni kwamba nimezaliwa mwanamke, hilo siwezi kulitengeneza kwa nyundo wala kwa kijiti. Karakanani nikawa simsemeshi mtu. Fundi Anjelo akaniletea chapati, nikaziacha zikapoa, akazila mwenyewe.

Halafu siku moja, wanangu, nilikuwa nimetoka kazini, napika. Mchele wa siku zile ulikuwa na mawe, si kama huu wenu wa mifuko. Nikatia maji kwenye beseni, nikazungusha. Mchele ukaelea, mawe yakazama. Nikaumimina mchele kwenye sufuria taratibu, nikabaki na mawe chini ya beseni, nikafungua mlango kuyatupa uani kama nilivyofanya kila siku ya maisha yangu.

Mkono ukakwama hewani.

Mawe yanazama kwa sababu ni mazito! Na chuma je? Kwenye mtapo, chuma ndicho kizito. Chuma ndicho kilichozama. Sisi tumezungusha kama mchele, tumemimina kama mchele, kile kilichoelea tukakianika kwa heshima zote, na kile kilichobaki chini tukakitupa majanini. Mimi na mama yangu, wanawake wawili hodari wa jikoni, tumemlisha yule mke wao makapi! Nilipiga ukelele jirani akaja mbio akidhani nyoka.

Bibi zetu walikuwa wanajua. Walizungusha kama mchele, lakini walibakiza cha chini. Hawakuwahi kumwambia mwanamume, kwa sababu mwanamume hakanyagi mtoni siku hizo. Na wanaume walipokuwa wanasimuliana ufundi wao wa moto na mivukuto, walidhani wamesimuliana wote. Nusu ya kazi ilikuwa mikononi mwa wanawake, ikazikwa nao.

Asubuhi nikamwambia Fundi Anjelo naumwa. Akaniangalia nilivyokuwa nachekacheka, akasema, "Ugonjwa huo uende nao upone." Nikapanda gari la Mikindani, nikateremka, nikatembea. Kwa mama sikuingia, nilikwenda mtoni moja kwa moja. Mvua ilikuwa haijanyesha, namshukuru Mungu mpaka leo. Lile fungu letu la taka lilikuwa palepale majanini, limekauka, jeusi-jekundu. Nikashika konzi moja tu nikajua. Nikafunga kwenye kanga.

Mjomba Athumani alikuwa barazani na kikombe cha chai.

"Shikamoo Mjomba. Nipe mkono."

"Marahaba. Kuna nini?"

Nikammiminia kiganjani. Mkono wake ukashuka kidogo kwa uzito. Akaurudisha juu, akaushusha tena, anapima. Akasugua kwa kidole gumba. Chai ikamwagika na hakuona.

"Huu mtapo umeutoa wapi?"

"Tuliutupa. Kile tulichokupa ni kilichoelea."

Kisha mabega yakaanza kumtikisika, nikafikiri analia. Alikuwa anacheka! Alicheka mpaka mama akasikia huko kwake akaja, na nilipomweleza, mama akashika kichwa, "Yarabi, kaka, tumekupikia mawe tukatupa wali!" Wakacheka wote wawili kama watoto, na nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona siku nyingi, Mjomba wangu akiwa hana haraka ya kufa.

Lakini Mjomba Chande hakucheka. Alisema sawa, mtapo uoshwe upya, lakini mimi nirudi nyuma ya ua. Hapo ndipo mama yangu alipomaliza maneno. Alimgeukia mdogo wake, akamwambia, "Chande, tanuri ni mke?"

"Ni mke."

"Ana mimba?"

"Ndiyo maana yake, dada."

"Mimi nimezalisha tangu wewe huna ndevu. Hebu nionyeshe mzazi mmoja, mmoja tu, aliyezungukwa na wanaume watupu na mkunga amefukuzwa nyuma ya ua, akazaa salama."

Mjomba Chande akavaa kofia yake, akaondoka. Akatangaza njiani kwamba mivukuto yake asiguse mtu, na kwamba yeye hayumo.

Mimi nikasema twende bila yeye. Nilijenga tanuri jipya na mama, Mjomba Athumani akilipapasa kila tulipoongeza udongo, hapa nene, hapa nyembamba, tumbo liingie kidogo. Tukaosha mtapo, safari hii tukibakiza cha chini. Nilimwuliza Mjomba kama nilete feni ya karakanani, niifunge kwenye gurudumu la baiskeli. Akanijibu tanuri linapuliziwa, halipigwi feni. Basi siku ya moto nikashika mwenyewe mivukuto ile ile aliyoikataza Mjomba Chande, mama akishika ya pili.

Aisee, ile kazi. Kuchomelea ni macho na kiganja. Mivukuto ni mgongo, ni mapaja, ni roho. Ukivuta haraka, moto unakula mkaa na chuma kinaharibika. Ukivuta pole, jiwe linalala. Tulikuwa tunakwenda mrama, mama haraka, mimi pole, Mjomba anafoka, "Pamoja! Pamoja! Mnaniulia mzazi!" Saa za mchana hivi mikono yangu ilikuwa haifungi tena ngumi.

Ghafla nikasikia nyuma yangu, "Ebo! Ndivyo mnavyovuta?" Mjomba Chande. Alikuwa amekaa kwa jirani tangu asubuhi anasikiliza mdundo ulivyoharibika, akashindwa kuvumilia. Akamsukuma mama pembeni, akashika. "Nifuate mimi, Somoe. Mimi puu, wewe paa." Wala hakuniangalia usoni. Nikamfuata. Tanuri likabadilisha sauti, likaanza kunguruma kutoka chini, na Mjomba Athumani akainua uso.

Baadaye bomba moja la udongo likapasuka, ndimi za moto zikaanza kutoka upande. Mjomba Chande akatazama huku na huku, naye asingeweza kuachia. Nikachota udongo mbichi nikaingiza mkono kwa chini, nikaziba, ninavyoziba tangi linalovuja. Kovu lake hili hapa kwenye kifundo cha mkono, wale mlioniuliza ni la nini mmejibiwa. Na ushauri wangu kwenu ni mvae glavu.

Mavi ya chuma yakaanza kutiririka yenyewe kwenye tundu la chini, mekundu, mazito kama asali. Mama akasema, "Chupa imepasuka," yale maneno ya wakunga, na hakuna aliyemkatalia. Tukavunja mlango. Mjomba Chande akaingiza koleo refu akavuta, likatoka bonge, jamani, baya! Limejaa vitundu, limeshika mkaa, linatema cheche, kama boga lililooza. Mimi nikakata tamaa. Mjomba Athumani akauliza, "Liko?" Nikasema liko, lakini si zuri. Akasema, "Watoto wote wanatoka hivyo. Ligonge kabla halijapoa, taka itoke."

Akainua nyundo. Mkono ukafika kifuani, ukagoma. Akajaribu tena, kikohozi kikamkata. Joto lilikuwa linakwisha, bonge linaacha weupe wa moto, linaanza kuwa jekundu. Akaigeuza nyundo, mpini ukanielekea mimi.

Nikaipokea, nikagonga. Mlio haukuwa wa chupa.

Nikagonga, taka zikaruka, nikagonga, Mjomba Chande akiligeuza na koleo. Lilisinyaa mpaka likawa kipande cha kiganja kimoja, kizito, kinalia. Mjomba Athumani alikishika kilipopoa, akakiweka shavuni. Kutokana na kipande hicho nilimfulia Mzee Simba patasi moja, kwa kuwa mkaa ulikuwa wake, na alichongea nayo hadi kwenye miaka ya elfu mbili.

Mjomba alisema atanikabidhi nyundo rasmi mbele ya ukoo wote, korosho zikishavunwa, watu wakiwa na nafasi. Hakufika. Kifua kilimchukua kabla mikorosho haijatoa maua. Na hapa niwaambie jinsi mambo yalivyokuwa: wazee wa ukoo hawakuwepo siku ya moto. Aliyekuwepo mwenye sauti mbele yao alikuwa Mjomba Chande peke yake, sasa ndiye mkubwa, na tangu siku ile hakuwahi kutamka neno lolote juu ya jambo lile. Nilipomsalimia aliitikia, basi. Sikujua atasema nini. Mama naye hakujua.

Ikafika arobaini. Watu wengi, sufuria la pilau kubwa, na mguu wa jiko la chuma ukapinda kwa uzito. Wanawake wakaniita, "Fundi, tutamwaga chakula cha watu!" Nikachukua nyundo iliyokuwa karibu, ile ile ya Mjomba, nikaenda uani kuunyoosha. Yaliyotokea barazani nilisimuliwa na mama, sikuyaona.

Dua ilipokwisha, mzee mmoja wa ukoo aliyetoka bondeni Ruvuma akakohoa, akasema, "Sasa ile nyundo ya marehemu. Mpwa wa kiume hakuna. Jembe tumekuja nalo, korongoni tunakujua. Chande, nyundo iko wapi?" Mama alisema alikuwa ameshika nguzo ya mlango, roho iko mkononi.

Mjomba Chande akavua kofia, akaipangusa, akaivaa. Kisha akanyanyua kidole.

"Nyamazeni kidogo," akasema. "Tegeni masikio."

Wakanyamaza. Na mimi huko uani, sina habari ya lolote, nilikuwa nagonga.